Saa tatu za marehemu: thamani yake itajulikanaje kabla hazijauzwa?

Mwalimu wa Mafinga ameuliza:

Kamwene ndugu zangu. Ninaandika kwa niaba ya mama mmoja, jirani yangu hapa Mafinga, ambaye mume wake alifariki mwaka jana. Marehemu alikuwa mtumishi wa reli ya TAZARA, kituo cha Mbeya, tangu treni zilipoanza safari zake rasmi mwaka 1976 hadi alipostaafu. Katika sanduku lake zimekutwa saa tatu za mkono, zote za zamani, zimeviringishwa ndani ya kipande cha kanga. Mama hana haja ya kuzivaa na watoto wako mbali. Anachotaka ni kuziuza ili amalizie kuezeka nyumba. Ameniomba nimsaidie kujua bei yake kwa sababu aliwahi kunisikia nikisema kwamba ninapenda saa za zamani, lakini kupenda ni jambo moja na kujua ni jambo jingine.

Ya kwanza ni Omega Seamaster ya chuma, yenye tarehe. Uso wake ni wa rangi ya fedha na umeanza kupata madoa madogo ya hudhurungi karibu na namba nne. Chini kabisa ya uso pameandikwa T SWISS MADE T, na mfuniko wa nyuma una mchoro wa farasi wa baharini uliofifia. Nikiitikisa inatembea, kisha inasimama baada ya muda wa saa nne hivi. Mama anasema marehemu aliinunua kwa Mzungu aliyekuwa akihama kutoka mashamba ya chai ya Mufindi. Ya pili ni Seiko 5 yenye siku na tarehe. Nyuma yake pana namba inayoanza na 6119, na namba nyingine inayoanza na 1N. Hii inatembea vizuri sana, ila uso wake ni wa buluu inayong'aa mno ukilinganisha na uchakavu wa kasha. Ya tatu ni Shanghai ya kutia ufunguo, yenye maandishi ya Kichina usoni, kioo kimepasuka na mashine imesimama.

Mfanyabiashara mmoja kutoka Mbeya alipita hapa, akazitazama kwa dakika chache, akataja shilingi 150,000 kwa zote tatu. Mama alikuwa tayari kupokea fedha. Nikamsihi asubiri wiki mbili. Sasa naomba mnisaidie: nitathibitishaje kwamba Omega ni ya kweli bila kuiharibu? Je, tuzipeleke kwanza zikasuguliwe na nyuso zake zipakwe rangi upya, kama alivyoshauri mtu mmoja hapa mjini, ili zivutie wanunuzi? Na bei ya haki inatafutwaje huku kwetu, ambako hakuna mnada wa saa wala duka la kulinganishia? Sitaki mama adhulumiwe, wala sitaki nimjengee matumaini ya fedha ambazo hazipo.

Fundi wa Uhindini, Mbeya, amejibu:

Pole kwa msiba, Mwalimu, na umfikishie mama salamu zetu. Nimekaa kwenye meza ya saa kwa miaka ishirini na sita, na kazi nilifundishwa na baba yangu mezani hapohapo, kwa hiyo nitaeleza yale ambayo mikono yangu imeyaona.

Nianze na swali lako la pili, kwa kuwa ndilo lenye hatari. Tafadhali msizisugue na msizipake chochote. Katika saa ya zamani, sehemu kubwa ya thamani imekaa usoni. Kioo hubadilishwa, kamani (springi inayoiendesha saa) hubadilishwa, mkanda hubadilishwa, hata kitufe cha kutilia ufunguo hupatikana kingine, lakini uso uliotoka kiwandani ukishafutwa haurudi tena. Mnunuzi anayeelewa atayavumilia madoa uliyoyaeleza, kwa sababu yanamwonyesha kwamba hakuna mkono uliopita hapo. Uso uliopakwa upya ataukimbia, au atakata zaidi ya nusu ya bei. Kasha nalo ni vivyo hivyo. Masikio yanayoshika mkanda hutoka kiwandani yakiwa na kingo kali, na sehemu moja ya chuma huwa imekwaruzwa kwa mistari myembamba kwa makusudi huku nyingine ikiwa imeng'arishwa. Ukilipeleka kasha kwenye gurudumu la kusugulia, kingo zinakuwa butu kama sabuni iliyotumika, na mtu mwenye jicho huliona hilo hata katika picha.

Kuhusu Omega, kuna mambo unayoweza kuyapima bila kuifungua. Chukua lenzi, uelekeze mwanga wa tochi kwa ubavu, utazame katikati kabisa ya kioo. Vioo vya plastiki vya Omega vya miaka ile vilikuwa na alama ndogo mno ya kampuni, ambayo jicho tupu halioni. Ukiikuta ni dalili nzuri. Usipoikuta usikate tamaa, kwani huenda kioo kilibadilishwa na fundi kama mimi aliyekosa cha asili. Kisha tazama maandishi ya usoni: herufi za kiwandani zina kingo safi na wino wake umekaa kwa unene ulio sawa, ilhali rangi ya mkono hutetereka na kuvimba pembeni.

Jaribio jingine ni la tarehe. Vuta kitufe hadi mwisho. Kama kila ukikivuta hadi hatua ya mwisho tarehe inaruka moja, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba ndani mna mashine namba 565, ambayo Omega ilianza kuitumia mwaka 1966, yenye vijiwe 24 vya rubi. Kama tarehe haibadiliki mpaka uizungushe mishale kupita usiku wa manane, huenda ni 562, ambayo ni ndugu yake wa mapema kidogo na haiwi na thamani ndogo kwa sababu hiyo. Usifanye jaribio hili mishale ikiwa inaonyesha kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, maana meno ya tarehe huwa yameshaanza kushikana.

Hizo herufi T mbili usoni ndizo zilizonifurahisha. Maana yake ni kwamba rangi inayong'aa gizani ilitengenezwa kwa tritiamu, kitu chenye mionzi hafifu, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka kumi na miwili na kidogo. Saa ya miaka ya sitini haiwezi kuwa bado inawaka vizuri. Izime taa, uimulike kwa tochi ya simu, kisha uizime tochi: ikiwaka kwa nguvu na kuendelea, kuna mtu amepaka rangi mpya. Ninawaomba wanaonunua saa za kabla ya hapo wawe waangalifu, kwani saa nyingi za miaka ya arobaini na hamsini zilipakwa rediamu, yenye mionzi mikali zaidi. Nguvu yake huchukua miaka 1,600 kupungua kwa nusu, hata kama rangi yenyewe haiwaki tena. Kuivaa ikiwa imefungwa si tatizo kubwa. Tatizo ni kuifungua na kuikwangua au kuipuliza, kwa sababu vumbi lake likiingia kifuani halina dawa. Nimewaona vijana wakilikwangua kwa kisu mezani, na roho yangu huuma kila mara.

Mwisho kwa leo: inasimama baada ya saa nne kwa sababu mbili zinazowezekana. Kuitikisa kwa mkono hakujazi kamani. Omega hii hukubali pia kutiwa ufunguo, basi zungusha kitufe taratibu mara ishirini na tano na uone. Ikijaa na bado haifiki hata siku moja, mafuta yamekauka. Saa hiyo ikiwa nzima inapaswa kutembea zaidi ya saa arobaini ikiwa imelazwa mezani. Ukishaona hivyo, iache isimame, usiendelee kuiendesha, maana vyuma vikavu vinasagana.

Mfuniko usiufungue kwa kisu wala kwa koleo. Niletee, au umpelekee fundi mwenye ufunguo wake, na umwombe akupige picha za ndani.

Mkusanyaji, Iringa mjini, amejibu:

Shikamoo Fundi, na habari za Mafinga, Mwalimu. Fundi ameieleza Omega vizuri kuliko ambavyo ningeweza, nami naomba niseme juu ya Seiko, kwa sababu nilipoteza fedha kwa saa ya namna hiyohiyo.

Miaka mitano iliyopita nilinunua Seiko 5 ya rangi ya machungwa pale karibu na Miyomboni, nikiamini nimepata kitu adimu. Ilikuwa nzuri mno. Nilipoitazama nyumbani kwa lenzi nikaona mambo matatu ambayo sikuyaona kwenye jua: herufi za siku hazikukaa katikati ya dirisha, mstari wa dakika ulikuwa mnene upande mmoja, na ile namba ndogo ambayo Seiko huiandika chini kabisa ya uso haikuwepo kabisa. Nilikuwa nimenunua saa iliyopakwa rangi upya, na baadaye nilielewa kwamba kuna karakana nyingi, hasa nchini India, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa zikichukua Seiko, Citizen, HMT na Favre-Leuba zilizochoka, zikazipaka rangi zisizowahi kutoka kiwandani na kuziuza duniani kote. Mashine yake huwa ya kweli, na baadhi hutembea vizuri kwa miaka. Lakini ni saa ya viraka, na bei yake iwe ya viraka.

Sasa tazama yako. Seiko huandika nyuma namba mbili zilizounganishwa kwa kistari: nne za kwanza ni za mashine, yaani 6119, na zinazofuata ni za kasha. Chini ya uso, kando ya namba sita, patafutwe maandishi madogo sana. Yanapaswa kuanza na 6119 pia. Yakianza na namba nyingine, uso umetoka kwenye saa nyingine. Yasipokuwepo, au yakiwa yameandikwa ovyo, uso umepakwa. Ile namba ya pili inayoanza na 1N ndiyo inayotaja umri: tarakimu ya kwanza ni mwaka na ya pili ni mwezi, ambapo Oktoba, Novemba na Desemba huandikwa kwa herufi O, N na D. Namba hiyo haisemi ni muongo gani, lakini kwa kuwa mashine ya 6119 haikuwepo mwaka 1961 wala haikutengenezwa tena 1981, kasha la saa hii ni la Novemba 1971. Marehemu aliipata ikiwa imekwisha kutumika, au ilikaa dukani, au kuna aliyempa. Hilo mama ndiye anayeweza kulisema.

Mashine hiyo haitiwi ufunguo kwa kitufe, na tarehe hubadilishwa kwa kukisukuma kitufe ndani. Ukifanya hivyo na ikaitika, na mishale ikaendelea kutembea bila kusita, basi mashine iko hai. Seiko ilianzisha jina la 5 mwaka 1963 kwa saa imara za kuvaliwa kila siku, na ndiyo sababu bado tunazikuta zikitembea kwenye mikono ya wakulima wa viazi kule Njombe ambao hawajawahi kumwona fundi.

Kuhusu bei, naomba nieleze kanuni ninayoifuata mwenyewe. Bei inayoombwa si bei. Mtu anaweza kuandika dola elfu tatu kwenye tangazo na likakaa hapo miaka mitatu. Ingia eBay, tovuti ya kuuzia na kununulia vitu, tafuta namba ya kasha na namba ya mashine, kisha uchague zionekane zile zilizokwisha kuuzwa tu. Chukua kumi zinazofanana na yako kwa hali, uondoe ya juu kabisa na ya chini kabisa, na utazame zilizobaki. Kisha utoe gharama za huduma ambayo saa yako inaihitaji, ada ya muuzaji na posta. Kinachobaki ndicho kiasi ambacho mtu mwenye uvumilivu anaweza kukifikia. Anayetaka fedha Ijumaa hii atapata pungufu, na hilo si dhuluma.

Jambo moja zaidi, Mwalimu. Usikubali bei ya jumla kwa saa zenye daraja tofauti. Katika ile 150,000, Shanghai na Seiko zilikuwa kifuniko, na Omega ndiyo iliyokuwa ikinunuliwa. Mwambie kila mnunuzi ataje bei ya moja moja, na utaona macho yake yanakwenda wapi.

Na habari ya Mzungu wa Mufindi ihifadhini kwa heshima, lakini msiiuze. Nimeuziwa hadithi nyingi nzuri, na hakuna hata moja iliyoweza kuchukua nafasi ya namba iliyogongwa ndani ya mfuniko.

Mchuuzi wa Sido, Mwanjelwa, amejibu:

Mimi ni mfanyabiashara wa saa na vitu vya zamani, na si mimi niliyefika Mafinga, lakini naona ni haki niseme upande wetu.

Ninapozunguka Rungwe, Busokelo na Makete kutafuta saa, ninanunua kumi ili niuze tatu. Nyingine zinaishia kuwa vipuri. Kule Tukuyu nimepata Roamer na Oris kutoka familia za wazee waliokwenda migodini Afrika Kusini kwa njia ya Wenela (shirika lililokuwa likiandikisha vibarua wa migodi), saa zilizokuwa nzuri zamani, lakini mvua na ukungu wa kule umezila: ukifungua unakuta kutu imeshika hata skrubu, na uso umepanda ukoga. Nauli nimelipa, familia nimeilipa, na fundi akinieleza kwamba haifai, hasara ni yangu peke yangu. Kwa hiyo mnunuzi akitaja bei ya chini kabla ya kufungua saa, anailipia ile hatari asiyoiona.

Hata hivyo, dada wa Iringa amesema kweli kuhusu bei ya jumla, na sitamtetea aliyefanya hivyo kwa mama aliyefiwa. Omega yenye farasi wa baharini hata mtoto wangu anaijua. Kama hakutaka kubeba hatari, angeomba ifunguliwe kwa fundi mbele ya wote wawili, na hapo bei ingejulikana.

Mwalimu amesema kwamba anapenda saa za zamani, basi niseme pia zinapatikana wapi. Usizitafute kwenye meza zinazong'aa za Mwanjelwa wala pale Mashine Tatu. Zilizoko hapo tumekwisha kuzichambua sisi. Nenda kwa mafundi wazee, wale ambao wateja wao waliacha saa na hawakurudi, na uwaombe kwa adabu wakuonyeshe droo ya chini. Ulizia wastaafu wa reli na wa viwanda vya chai, na familia zilizofanya kazi kwenye misheni. Saa nyingine zina maandishi ya kampuni nyuma, kwamba fulani amepewa kwa utumishi wa miaka ishirini na mitano. Ng'ambo maandishi hayo hupunguza bei, kwangu mimi ndiyo yanayonifanya niinunue.

Na tafadhali muandikiane. Pale nyumbani kuna mirathi. Watoto wakubali, mauziano yaandikwe, mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Nimewahi kuitwa kituoni kwa saa niliyoinunua kwa mtoto ambaye hakuwaambia ndugu zake, na tangu siku ile sinunui bila karatasi.

Mwalimu wa Mafinga ameandika tena:

Nawashukuru sana. Jumamosi nilipanda basi la alfajiri na saa zote tatu, pamoja na kijana mkubwa wa mama aliyekuwa amekuja likizo, tukaenda kwa Fundi. Ameifungua Omega mbele yetu. Ndani ya mfuniko imegongwa namba 166.010, mashine ni 565 ya rangi ya shaba, na namba yake ya mfululizo inaanza na milioni ishirini na nne. Kwenye kifaa chake cha kusikilizia mapigo, mzunguko wa gurudumu dogo linalopiga mapigo ya saa ulionyesha nyuzi 190 hivi. Seiko, kama dada alivyohisi, haina maandishi yoyote chini ya uso. Shanghai ina kamani iliyokatika, na mashine yake ni safi kabisa.

Kijana wa marehemu ameuliza jambo ambalo nami nalirudisha kwenu: je, ni afadhali tulipe huduma ya Omega kwanza na kuiuza ikiwa nzima, au tuiuze hivyohivyo?

Fundi wa Uhindini, Mbeya, amejibu:

Kwa faida ya wasomaji wengine, niseme kwanza maana ya yale tuliyoyaona. Namba 166.010 ni ya kasha la Seamaster lenye tarehe ambalo Omega ililitumia kwa mashine za 562 na 565, kwa hiyo mfuniko, mashine na uso vinaafikiana. Namba ya mfululizo ya milioni ishirini na nne huangukia karibu na mwaka 1966 au 1967, nayo inaafikiana na ujio wa 565. Mambo matatu yakisema lugha moja namna hiyo, ninaridhika. Hayo mapigo ya nyuzi 190 ni dhaifu. Saa nzima ikilazwa inatakiwa kufika 270 na zaidi. Nilichokiona kwa lenzi ni mafuta yaliyoganda, na sijaona chuma kilicholika.

Sasa swali la kijana. Kama mnunuzi ni mtu wa kawaida anayetaka kuivaa, huduma ifanywe kwanza, kwa sababu saa inayosimama humtia hofu na atakata zaidi ya gharama ya huduma yenyewe. Kama mnunuzi ni mkusanyaji mwenye fundi wake, iuzwe ilivyo na picha za ndani, maana yeye angependa kazi hiyo aisimamie mwenyewe na hataki mkono mwingine uguse. Mimi ningepata fedha kama ningesema nipeni niihudumie leo. Lakini dada wa Iringa ameshanipigia simu kuiulizia, na yeye ni wa kundi la pili, kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba isiguswe.

Niongeze onyo moja kwa sababu kuna aliyeniuliza faraghani juu ya saa ya dhahabu kutoka Chunya. Kabla hujampelekea mnunuzi wa dhahabu, fungua mfuniko. Maandishi kama 20 MICRONS ni ya dhahabu iliyopakwa juu ya chuma kingine, na ukiyeyusha hutapata kitu cha maana. Ukiona 750 au 0,750, pamoja na kichwa kidogo cha mwanamke, hiyo ni alama ya Uswisi ya dhahabu ya karati 18 iliyotumika hadi mwaka 1995. Baba yangu aliwahi kuletewa mashine tupu ya saa ya namna hiyo ndani ya karatasi ya gazeti: kasha lilikuwa limekwisha kuyeyushwa siku iliyotangulia, na mwenye saa alitaka kujua kama mashine nayo inauzika. Saa nzima ingemlipa mara kadhaa. Mashine ile bado ninayo, sijapata kasha la kuiweka.

Mkusanyaji, Iringa mjini, ameandika tena:

Kwa kuwa nimetajwa, na ili lisifanyike jambo pembeni, naweka bei yangu hapa mbele ya wote. Omega zenye kasha hili na mashine hii, za chuma, ambazo nimeziona zimeuzwa ng'ambo hivi karibuni zikiwa zinatembea vizuri na uso wa asili, nyingi ziliangukia kati ya dola 500 na 800. Hii ina madoa na inahitaji huduma, kwa hiyo naichukulia upande wa chini. Nikitoa gharama ya huduma, ninaweza kumlipa mama shilingi 1,000,000 kwa Omega peke yake, kwa benki, baada ya karatasi kuandikwa. Akipata zaidi kwingine, auze bila kuniomba radhi. Seiko siihitaji, kwa mtu wa kuivaa, 40,000 ni bei ya kweli, mradi aambiwe kwamba uso umepakwa.

Mwalimu wa Mafinga ameandika tena:

Mama na watoto wake wanne wamekubaliana kwa simu, na barua imeandikwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Omega inakwenda Iringa. Mfanyabiashara wa kwanza alirudi jana akataja 400,000 baada ya kusikia kwamba imefunguliwa. Mama amemshukuru na kumkaribisha chai. Seiko ameichukua kijana wake avae, naye amesema haimsumbui kwamba uso ni wa kupakwa, kwa kuwa ndiyo aliyoizoea mkononi mwa baba yake tangu akiwa darasa la pili.

Shanghai haitauzwa. Nilipomweleza mama kwamba ina thamani ndogo sokoni, aliniambia kwamba marehemu alipewa na fundi wa Kichina aliyemfundisha kazi miaka ile ya mwanzo ya reli, siku fundi huyo alipokuwa akirudi kwao, na kwamba hawakuwahi kuwa na lugha moja zaidi ya majina ya vyuma. Anataka itembee. Fundi, nimekipima kioo kilichopasuka kwa rula, ni milimita thelathini na ushee. Kama rula haitoshi, niambie nikiletee pamoja na saa yenyewe Jumamosi, na unitajie bei ya kamani ili mama aiweke kando kabla mabati hayajanunuliwa.